UZI: Lithiamu bila kupima damu ni nusu ya dawa. Yaliyompata mdogo wangu hapa Goma

NyotaYaHimbi (mwanzisha uzi)

Amani kwenu wote.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Kilichonisukuma ni mama mmoja wa mtaani kwetu. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, kila mtu na bido (madumu) zake, akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli dawa ya mdogo wangu inaunguza figo. Mtoto wake ameandikiwa dawa hiyo hiyo. Ameiweka kabatini wiki tatu, anaogopa kumpa. Nilimjibu pale pale kadiri nilivyoweza, lakini foleni si mahali pa mambo haya. Basi nayaandika hapa, apite asome, na wengine wasome.

Mdogo wangu ana miaka 34. Anaishi na ugonjwa wa akili wa moyo kupanda na kushuka, ule wanaouita bipola. Ulipompanda mara ya kwanza, mwaka 2013, alikaa siku sita bila usingizi. Bidhaa zote za kibanda chake pale Birere aligawia wapita njia, akisema ametumwa kujenga hospitali juu ya mawe ya volkano. Miezi mitatu baadaye alikuwa amelala ameelekea ukuta, hataki kula, hataki kuoga, ananiuliza kwa nini hatumwachi aende. Tulipita njia zote mnazozijua: vyumba vya maombi, mzee mmoja wa dawa za miti, kisha sindano zilizomfanya atembee mwili umekakamaa kama ubao. Mwaka 2016 daktari wa magonjwa ya akili akamwanzishia lithiamu. Ni miaka tisa sasa. Ana kibanda tena, ana mke, ana mabinti wawili. Naandika kama dada yake aliyeshika daftari la vipimo vyake muda wote huo. Mimi ni mwalimu, si munganga (daktari).

Siku ile ya kwanza daktari alituambia jambo moja ambalo sijalisahau: hii dawa ni chumvi. Figo zinaishika karibu namna zinavyoishika chumvi ya jikoni. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo zinabana na kurudisha ndani kila kinachofanana na chumvi, na lithiamu inarudishwa humo humo. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa vidonge vile vile, idadi ile ile, na bado dawa ikajaa damuni hadi ikawa sumu. Hajakosea hesabu ya vidonge. Maji ndiyo yaliyopungua.

Kabla ya kidonge cha kwanza walimpima figo (kreatinini), tezi ya shingo (TSH), kalsiamu, uzito, na kipimo cha umeme wa moyo. Wiki moja baada ya kuanza, damu. Dozi ilipopandishwa, wiki moja tena, damu. Hivyo hadi namba ikatulia, kisha kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita pamoja na figo, tezi na kalsiamu. Namba aliyotakiwa kukaa nayo ni kati ya 0.6 na 0.8 milimoli kwa lita. Ugonjwa ukiwa umepanda wanaweza kuiruhusu ifike 1.0 au juu kidogo. Kwa wazee wanaishusha chini ya hapo. Kuanzia 1.5 tunaongea habari ya sumu, na wapo inaowaanza mapema. Ikipita 2.0 ni kufa na kupona. Hebu tazameni njia hiyo ilivyo nyembamba: kutoka 0.8 inayotibu hadi 1.5 inayodhuru haifiki hata mara mbili. Ndiyo maana damu hii haipimwi kwa mtu akijisikia vibaya tu. Inapimwa akiwa mzima kabisa.

Na saa ya kupima ina maana yake. Damu inachukuliwa zikiwa zimepita saa kumi na mbili tangu kidonge cha mwisho. Mdogo wangu anakunywa vyake saa mbili usiku, basi saa mbili asubuhi tuko mlangoni mwa maabara. Kwa anayekunywa mara mbili kwa siku, cha asubuhi kinangoja hadi damu itoke. Mara moja alimeza kidonge asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, namba ikapanda, tukaogopa bure.

Sasa niwaambie nilivyokosea mimi.

Mwaka 2020 alikuwa vizuri sana. Kipimo kinafanyika mbali, ni ghali, kwetu ni sawa na chakula cha nyumba kwa wiki. Nikasema tutaenda mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miezi kumi na minne.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka. Alhamisi ya tarehe 27 tukaamriwa kuhama, mji karibu wote ukamiminika barabara ya Sake. Sisi tulitembea. Kilomita zaidi ya 20, jua kali, watoto mgongoni, chupa mbili za maji kwa watu saba, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiwapa watoto sehemu yake. Miguu ikamvimba, mgongo ukamuuma. Mtu mwema njiani akampa diklofenaki, akanywa siku tatu mfululizo. Tulipofika Sake akaanza kuhara. Na vidonge vyake vya lithiamu hakukosa hata kimoja, kwa sababu mimi mwenyewe nilivifunga kwenye kitenge changu na kumpa kila usiku kwa mkono wangu.

Siku ya nne mikono yake ilikuwa inatetemeka hadi kikombe kinamwagika. Si ule mtetemeko mdogo wa kila siku. Huu ulikuwa mkubwa, wa kuonekana toka mbali. Akatembea akiyumba, miguu imepanuka kama mtu aliye ndani ya pirogi (mtumbwi). Maneno yakawa mazito mdomoni. Waliokuwa karibu wakasema amelewa. Mimi nikasema ugonjwa umerudi. Nilikuwa tayari nimetoa kidonge kimoja cha ziada nimpe. Mungu ndiye aliyemleta yule muuguzi wa kujitolea aliyepita na kuuliza: huyu anakunywa dawa gani? Nilipotaja lithiamu alinishika mkono. Akasema hakuna kidonge tena. Akamtundikia dripu ya maji ya chumvi, akatuambia tutafute hospitali siku hiyo hiyo. Tukapata gari hadi Minova, kisha boti hadi Bukavu. Damu ilipopimwa alikuwa ameshakaa siku mbili bila dawa, na bado ilisoma 1.6. Sipendi kufikiria ilikuwa ngapi kule Sake.

Alipona. Mikono ilichukua wiki tano kutulia, figo zikarudi. Lakini daktari wa Bukavu alinieleza kwamba kuna wasiorudi: lithiamu ikikaa juu sana inaweza kuumiza sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili, mtu akabaki na mwendo wa kuyumba maisha yake yote.

Mdogo wangu alirudishwa kwenye lithiamu baada ya mwezi, kwa dozi ndogo zaidi. Ni yeye aliyeomba. Alisema: dawa haikunikosea, tuliikosea sisi. Tangu hapo hatujakosa kipimo. Hata mwisho wa Januari 2025, maji na umeme vilipokatika mjini na risasi zinalia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kujaza bido mbili za kwake peke yake na kuandika juu kwa makaa jina lake.

Ulizeni. Nitajibu ninachokijua.


ShamavuG

Asante dada. Umenigusa. Baba yangu ana miaka 66, yuko Rutshuru, anakunywa lithiamu tangu zamani. Mwaka huu wamemkuta na presha. Wamempa enalapril na kidonge kingine cha kukojoza, hydrochlorothiazide, na kumwambia aache chumvi kabisa. Mama anampikia sombe bila chumvi hata kidogo. Juzi nilipompigia simu nilisikia ulimi wake mzito, nikadhani ni uzee. Nisome hii kama habari ya baba yangu?


MuuguziNdosho

Shamavu, ndugu yangu, ndiyo. Usingoje wiki iishe.

Vitu vitatu vimemkuta kwa pamoja na kila kimoja peke yake kinapandisha lithiamu. Vidonge vya kukojoza vya kundi la hydrochlorothiazide vinafanya figo zirudishe lithiamu. Enalapril, captopril, lisinopril, losartan navyo vinaipandisha. Na kuacha chumvi ghafla, figo zinabana. Ongeza miaka 66, figo za umri huo hazioshi kama za kijana. Huo ulimi mzito ni dalili. Leo hii apelekwe kwenye kituo chenye daktari, waonyeshwe vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, wasimamishe lithiamu hadi damu ijulikane, na wapime kreatinini pia. Dawa za presha asiziache kwa akili yake, daktari ndiye atakayechagua nyingine. Zipo ambazo hazigombani sana na lithiamu, amlodipine kwa mfano.

Niongeze kwa wote, maana nimeyaona haya kazini. Dawa za maumivu ndizo adui wa kila siku: ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, naproxeni. Hapa kwetu zinauzwa kama pipi, muuza duka hakuulizi kitu. Kichwa kikiuma, mgongo ukiuma, mwenye lithiamu anywe parasetamoli. Diklofenaki ya sindano ni diklofenaki ile ile. Msidhani kwa kuwa imepita matakoni haifiki kwenye figo.

Kuhara na kutapika: sisi ni mji wa kolera, tunajua. Siku hiyo hiyo lithiamu isimamishwe, mtu anywe maji ya chumvi na sukari, aende kituoni. Kama hakuna pakiti ya SRO (ile ya chumvi na sukari ya wanaohara), lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Homa ya malaria yenye jasho jingi nayo mwiteni munganga mapema.

Chumvi ya kila siku isiongezwe, isipunguzwe. Ikae ile ile. Anayetoka kula makayabu (samaki wa chumvi) kila siku akahamia chakula cha hospitali kisicho na chumvi amebadilisha dozi yake bila kugusa kidonge. Kahawa na chai vivyo hivyo: vinasaidia figo kutoa lithiamu, basi aliyezoea vikombe vitano akiviacha siku moja, namba inaweza kupanda.


ShamavuG

Nimepiga simu. Mdogo wangu anamchukua kwa moto (pikipiki) asubuhi hii. Nitarudi kuwaambia.


LaboKatindo

Mimi ni wa maabara. Dada Nyota ameandika vizuri saa ya kupima. Niongeze la tyubu, maana linaumiza watu na halisemwi.

Tyubu nyingi za kifuniko cha kijani zina heparini ndani ili damu isigande, na heparini hiyo mara nyingi ni ya lithiamu. Ukiweka damu ya mgonjwa wa lithiamu humo, mashine inapima dawa ya mgonjwa pamoja na lithiamu ya tyubu. Nimeona namba ya 3 na kitu kwa mtu aliyekuja anatembea, anacheka, anauliza bei ya viazi. Hata mtu ambaye hajawahi kunywa dawa hii anaweza kutoa namba kubwa kwenye tyubu hiyo. Damu ya lithiamu iende kwenye tyubu ya kifuniko chekundu au cha njano, ile ya kugandisha na kutoa seramu (maji ya damu iliyoganda). Si aibu kuuliza. Sema tu: kaka, ni ya lithiamu hii, tyubu si ya heparini? Fundi anayejua kazi atafurahi.

Na kama damu inasafirishwa kwenda kupimwa mji mwingine, seramu itenganishwe kwanza hapa, ndipo isafiri. Andikeni kwenye karatasi saa ya kidonge cha mwisho na saa damu ilipotoka. Namba isiyo na saa ni ngumu kuisoma.


NyotaYaHimbi

LaboKatindo, Mungu akubariki. La tyubu sikulijua miaka yote hii. Nimeliandika kwenye daftari sasa hivi.


Lushois_wa_Katuba

Jambo yaya. Miye niko Lubumbashi. Huku kila siku tunasikia habari ya lithium ya Manono, ya batri za magari. Mjomba wangu alifanya kazi kule. Je, ni kitu kimoja na hiyo dawa? Kuna kijana hapa anasema tukisaga jiwe tutapata dawa bure, na sipendi namna anavyolisema.


NyotaYaHimbi

Mdogo wangu wa Katuba, asili ni moja, kitu ni kingine. Kule Manono lithiamu imefungwa ndani ya jiwe linaloitwa spodumeni, na ni kiwanda chenye moto na tindikali kinachoitoa humo. Dawa ni kaboneti ya lithiamu iliyosafishwa, kila kidonge na uzito wake, kama vile vya mdogo wangu vya miligramu 300. Jiwe lililosagwa halina kipimo, na lina mengine ndani yake. Mwambie huyo kijana aache, na kama kuna mgonjwa nyumbani kwao anayemtafutia dawa, mlete tuongee naye kwa upole. Anayetaka kusaga jiwe mara nyingi ni mtu aliyekosa hela ya duka la dawa.

Swali lako limenikumbusha historia ya dawa hii, ambayo niliitafuta nikiwa Bukavu nimekaa kando ya kitanda. Mwaka 1949 nchini Australia daktari aitwaye John Cade aliandika juu ya wagonjwa kumi waliopandwa na wazimu wa furaha na hasira, aliowapa lithiamu wakatulia. Kabla yao alikuwa ameijaribu kwa simbilisi, hawa hawa tunaowafuga jikoni. Mwaka huo huo wa 1949, Marekani, lithiamu ya aina nyingine ilikuwa inauzwa kama chumvi ya kuweka mezani kwa watu wa ugonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi ya kawaida. Watu waliokatazwa chumvi! Wakainyunyiza kwenye chakula wapendavyo, hakuna aliyewapima, na baadhi yao wakafa. Kitu kimoja, mwaka mmoja. Hata mgonjwa wa kwanza wa Cade, aliyekuwa amepona hadi akarudi kazini, alikufa mwaka 1950 kwa sumu ya dawa hiyo hiyo, kwa kuwa wakati ule hakukuwa na mazoea ya kupima damu. Ni baadaye, Mogens Schou wa Denmark alipoifanyia majaribio ya makini kuanzia 1954, na hospitali zilipopata mashine za kusoma lithiamu damuni, ndipo ikaaminika. Marekani iliikubali rasmi mwaka 1970.

Niliposoma hayo nililia, kwa sababu nilijiona. Mimi pia nilikuwa natoa chumvi ile bila kuipima, miaka 70 baada yao.


Bahati_Motari

Dada Nyota, nimesoma mara mbili. Mimi ndiye ninayeinywa. Miaka mitano. Ni motari (napakia abiria kwa pikipiki), Majengo hadi Katindo siku nzima juani.

Nataka kusema yale ambayo watu wa familia hawayaoni. Kiu. Ile kiu si ya kawaida. Nakunywa, nakojoa, nakunywa tena, usiku naamka mara tatu, mke wangu alidhani ni sukari. Munganga alipima sukari hakuna. Akasema ni figo zinazoshindwa kubana mkojo kwa sababu ya dawa, na akaniambia nisijinyime maji hata siku moja nikidhani ninapunguza mkojo. Nilikuwa nafanya hivyo hasa. Nilikuwa sinywi kitu kuanzia mchana ili nisisimame njiani. Alinihamishia vidonge vyote usiku mara moja, na kukojoa kukapungua kiasi. Sasa chupa ya lita moja na nusu imefungwa kwenye moto wangu daima. Abiria wakinitania, nawaacha.

Mikono inatetemeka kidogo, nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimeongezeka kilo nane. Mwaka jana nikawa mzito, baridi kila wakati, nalala hovyo, tukadhani moyo umeshuka tena. TSH ikapimwa: tezi imelegea. Napewa kidonge kimoja kidogo cha tezi asubuhi na mambo yamekaa sawa. Hawakuniachisha lithiamu kwa ajili hiyo.

Na la mwisho ni gumu kulisema. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Nilipokuwa nimepanda, kabla haujawa ugonjwa kamili, nilitunga nyimbo tatu kwa usiku mmoja. Sasa natunga moja kwa miezi miwili. Sikosi furaha, nacheka na wanangu. Nakosa ule moto. Kuna siku nimeketi na kopo la vidonge mkononi nikiwaza kuacha ili nionje tena wiki moja tu. Nilipomweleza munganga hakunigombeza. Alishusha dozi kidogo, tukapima, ikawa 0.6, na kichwa kikafunguka kidogo. Kama ningenyamaza ningeacha peke yangu, kama nilivyofanya 2019, na wanaonijua wanajua 2019 iliishia wapi.


NyotaYaHimbi

Bahati, asante kwa kulisema la kwaya. Nimemsomea mdogo wangu ujumbe wako. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mwambie na mimi." Hajawahi kuniambia hilo, miaka tisa.


FurahaImani

Nauliza kwa heshima. Kaka yangu ameombewa, na katika kikundi wamesema akiendelea na vidonge ni kukosa imani. Ametupa vyote Jumapili. Leo ni Ijumaa, yuko vizuri tu, analala. Je, tumwache?


NyotaYaHimbi

Dada Furaha, mimi ni mtu wa sala. Sala ya asubuhi sijaikosa. Na nakuomba usimwache.

Kuwa vizuri leo hakuambii chochote juu ya mwezi ujao. Kuacha lithiamu kwa mkupuo kunaleta hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, mara nyingi kwa upande wa kupanda, na ukirudi hivyo unaweza kuja kwa nguvu. Hata daktari akiamua mtu aache, wanapunguza pole pole, si chini ya wiki nne, na vizuri zaidi ni miezi mitatu. Tena kuna jambo moja linaloitofautisha dawa hii na wenzake: ushahidi kwamba inapunguza watu kujiua ni mkubwa. Ukiitupa unatupa na ngao hiyo.

Usigombane na kikundi. Zungumza na mchungaji peke yake, ukiweza nenda na mtu wa afya. Kwetu mchungaji alipoelezwa kwamba hii ni chumvi ambayo mwili wa mdogo wangu unaihitaji, alianza yeye mwenyewe kumuuliza kila Jumapili: umepima? Na kaka yako asianze tena dozi nzima kwa kukisia. Siku tano zimeshapita, mpelekeni kwa daktari wake. Vituo vya magonjwa ya akili vipo: hapa Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, vyote vya watawa wa Frères de la Charité. Akikosa usingizi usiku mmoja tu na bado ana nguvu, hiyo ndiyo kengele. Msingoje wa pili.


MamaNeema_Bkv

Mimi niko Bukavu, Kadutu. Niko kwenye valproati, dawa nyingine ya bipola, nataka mtoto. Rafiki anasema nihamie lithiamu. Na kunyonyesha?


MuuguziNdosho

Mama Neema, umeuliza kabla ya mimba, umefanya vema sana. Valproati inadhuru mtoto tumboni kwa kiasi kikubwa, uti wa mgongo na akili yake, na si dawa ya mwanamke anayepanga kuzaa. Lakini usiiache leo usiku. Nenda mkapange mabadiliko, na muulize pia asidi ya foliki.

Lithiamu ina hatari yake kwa moyo wa mtoto miezi mitatu ya kwanza, ila ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa zamani, na ekografia (picha ya mtoto tumboni) inaangalia. Katika mimba figo za mama zinaosha haraka, namba inashuka, basi damu inapimwa mara kwa mara zaidi, kila mwezi, na mwishoni kila wiki. Akishazaa figo zinarudi hali ya kawaida kwa siku chache. Dozi ya mimba ikibaki ile ile inakuwa sumu. Wanaokuzalisha wajue unakunywa nini, wasikuache bila maji wakati wa uchungu. Kunyonyesha, lithiamu inapita kwenye maziwa, na madaktari wengi hawapendekezi. Hilo uamue na daktari wako kabla tumbo halijaonekana.


ShamavuG

Nimerudi, wapendwa. Samahani kwa siku sita za kimya.

Baba alifika amelala lala, hajui siku. Lithiamu ilikuwa 1.9. Kreatinini juu. Wamemweka kwenye dripu siku tatu, wamesimamisha lithiamu, kidonge cha kukojoza kimeondolewa kabisa, enalapril imebadilishwa kuwa amlodipine. Mama ameambiwa arudishe chumvi kidogo kwenye sombe, ya kawaida, kila siku ile ile. Alikuwa analia akidhani amemuua kwa mapishi. Nimemsomea uzi huu kwa simu, sehemu ya dada Nyota na kitenge, akatulia.

Jana damu ilisoma 0.5. Baba ameniita kwa jina langu la utotoni na kuuliza mbuzi wamezaa wangapi. Watamwanzishia tena nusu ya dozi Jumatatu. LaboKatindo, tyubu ilikuwa nyekundu, niliuliza. Watapima tena Jumatatu inayofuata saa mbili asubuhi, kidonge cha mwisho saa mbili usiku wa Jumapili, na mama ameshaandika saa hizo ukutani kwa chaki.


NyotaYaHimbi

Shamavu. Ahsante Mungu. Mpe mama namba yangu kwa ujumbe wa ndani, nataka kuongea naye.

Na yule mama wa foleni ya maji, kama unasoma: Jumatano naenda maabara na mdogo wangu. Pitia kwetu saa moja na nusu, njoo na mtoto, twende pamoja.